Chuma kinachotema

Huko Kayna, katika eneo la Lubero, fundi anachomelea mlango wa chuma nyumbani kwake. Matone ya moto yanaruka pande zote. Kwa nini? Huko mvua ni nyingi, na dawa iliyovikwa fimbo ya kuchomelea hunywa unyevu upesi. Motoni maji hayo hugeuka mvuke, na mvuke hurusha chuma kilichoyeyuka, kama mafuta ya sufuria yanavyoruka yakidondokewa na maji. Kutu na rangi huchafua vilevile. Basi fundi hukausha fimbo zake, husugua chuma kwa brashi ya waya, na umeme ukizidi huupunguza. Ncha ya fimbo huishika karibu: nafasi isipite unene wa fimbo yenyewe. Hapo matone hupungua, lakini hayaishi. Tone moja laweza kupofua jicho, ndiyo maana fundi huwafukuza watoto wanaokuja kutazama.