Sura ya Sita: Kozi Ambayo Hukutumwa Kuisoma

Muhula unapoanza, kabla dirisha la usajili halijafungwa, swali moja huzunguka mabwenini kuanzia Mlimani hadi Makerere: kozi ya hiari nichukue ipi? Majibu nayo hayabadiliki. Wa kwanza atasema chukua ile ambayo mwalimu wake hafelishi. Wa pili, anayejiona ametulia zaidi, atasema chukua itakayokunoa akili. Wa tatu ameshinda na video za wahamasishaji, kwa hiyo atasema chukua yoyote tu, kwani yule bwana wa Apple si alisoma mwandiko mzuri akaishia kuwa tajiri? Majibu yote matatu ni mabovu, na ubovu wake ni mmoja: kila moja linaichukulia kozi kama njia ya kufikia kitu kingine. Ninachodai hapa ni rahisi kukisema na kigumu kukubaliwa. Kozi iliyo nje ya fani yako ichaguliwe kwa ajili ya kile inachofundisha, kwa sababu hicho ndicho utakachoondoka nacho, na aghalabu hakuna kingine.

Tuanze na woga wa alama, maana huo una hesabu na hesabu hazibembelezi mtu. Chukua shahada ya miaka 3 yenye krediti 360. Kozi ya krediti 12 ni sehemu moja ya 30. Katika mfumo wa pointi 5 unaotumika Tanzania, A ni 5 na B ni 3, kwa hiyo aliyepata B badala ya A katika kozi hiyo amepoteza pointi 2 zilizogawanywa kwa 30, yaani 0.07 hivi. Mwenye GPA ya 4.6 atashuka hadi 4.53, naye bado yuko daraja la kwanza, linaloanzia 4.4. Aliyesimama mpakani kabisa, na 4.42 yake mkononi, huyo namruhusu aogope. Wengine wanaogopa kivuli. Zaidi ya hapo, kozi "rahisi" ina hatari yake ambayo haitajwi: haikuvuti, kwa hiyo huhudhurii, na usiku wa kuamkia mtihani unakariri slaidi 200 za jambo usilolijali. Mtu anayependa anachosoma hufanya kazi nyingi zaidi bila kuhesabu saa. Raha ninayoizungumzia ni hiyo, wala si wepesi.

Tatizo la kukimbilia wepesi halikuanza jana. Charles William Eliot, aliyekuwa rais wa chuo cha Harvard kuanzia 1869 hadi 1909, alifuta karibu masharti yote ya kozi na kuwaachia wanafunzi wachague wenyewe. Wengi walichagua kama maji yanavyochagua njia: kozi za utangulizi zilizotawanyika huku na huko, bila kuzama popote. Mrithi wake, Lowell, akalazimika kurudisha utaratibu, kila mwanafunzi awe na fani moja ya kuzamia na kozi kadhaa nje yake. Dar es Salaam ilipita njia ya upande wa pili. Baada ya mgogoro wa wanafunzi wa Oktoba 1966 na Azimio la Arusha la 1967, chuo kilianzisha kozi ya pamoja kwa watu wa fani zote, na kozi ya DS (Development Studies) tunayoijua ni mtoto wa ukoo huo. Uhuru mtupu haukumfundisha mtu kuchagua, na shuruti nayo haikumfundisha, kwani anayeshurutishwa hachagui.

Sasa twende kwa wanoaji wa akili. Imani yao ni kwamba akili ni msuli: ukiufanyisha mazoezi ya Kilatini, sataranji au hisabati, utakuwa na nguvu za kubeba chochote. Imani hii ilipimwa zamani. Mwaka 1901 Edward Thorndike na Robert Woodworth walionyesha kwamba watu waliofunzwa kazi moja, kama kukadiria ukubwa wa maumbo ya aina fulani, hawakupata faida kubwa walipopewa kazi nyingine, hata iliyofanana nayo. Mwaka 1924 Thorndike akarudi na data za maelfu ya wanafunzi wa sekondari, akilinganisha waliosoma Kilatini na hesabu na waliosoma masomo yaliyodharauliwa. Masomo yenyewe yalileta tofauti ndogo mno katika uwezo wa jumla wa kufikiri. Walioanza na uwezo mkubwa ndio waliomaliza na uwezo mkubwa, na Kilatini kikapewa sifa isiyo yake. Karne nzima ya utafiti baada ya hapo imerekebisha mengi pembeni lakini kiini kimebaki: ujuzi husafiri umbali mfupi. Takwimu zitamsaidia mtu wa uchumi kwa sababu uchumi una takwimu ndani yake. Sataranji itamsaidia kucheza sataranji.

Ukitaka kuona upuuzi wa kisasa ulivyozaliwa, tazama kisa cha Mozart. Mwaka 1993 jarida la Nature lilichapisha ripoti fupi: wanafunzi 36 wa chuo walisikiliza sonata ya Mozart kwa dakika 10, wakafanya vizuri kidogo zaidi katika jaribio la kuwazia maumbo, na faida hiyo ikayeyuka baada ya robo saa hivi. Ni hayo tu. Miaka 5 baadaye gavana wa jimbo la Georgia, Marekani, alikuwa akiomba fedha za umma ili kila mtoto mchanga apewe muziki wa aina hiyo. Leo bado kuna mtu atakushauri usome muziki "ufungue ubongo wa kulia". Soma muziki ili uweze kupiga udi, au usikie kile ambacho mpiga kanuni anakifanya katikati ya noti mbili za piano. Kama hayo hayakuvutii, ubongo wa kulia hautakuokoa.

Kuhusu bwana wa Apple, nitakuwa mfupi. Steve Jobs aliacha masomo rasmi ya chuo cha Reed baada ya muhula mmoja tu, akaendelea kuingia madarasa aliyoyapenda bila kusajiliwa, likiwemo la mwandiko la Robert Palladino. Vijana wengine wengi walikaa darasa lilelile wakatoka na mwandiko mzuri, basi. Zaidi ya hapo, kompyuta ya Alto, iliyotengenezwa na Xerox mwaka 1973, ilikwisha kuonyesha herufi za upana tofauti zaidi ya miaka 10 kabla ya Macintosh ya 1984. Ukihesabu washindi tu na kuwasahau waliobaki, hata bahati nasibu itaonekana kazi ya uhakika. Jambo moja katika kisa hicho ni la kweli nalo ndilo linalorukwa: alikwenda darasani kwa sababu mwandiko ulimpendeza.

Nilikusudia hapa kuweka mifano mitatu iliyolingana, mmoja wa muziki, mmoja wa lugha na mmoja wa astronomia, nikiipa kila mmoja aya yake. Muziki nimeshaugusa. Lugha ichaguliwe kwa ajili ya watu unaotaka kuongea nao. Astronomia haitatosha aya moja, na msomaji anivumilie, maana sijui kozi nyingine inayoonyesha dai langu waziwazi hivi.

Kila mtu wa pwani na wakulima wengi wa bara wamesikia habari za Kilimia, kile kikundi kidogo cha nyota ambacho jicho zuri huhesabu sita au saba ndani yake, na msemo kwamba kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Wako wanaoamini kwamba nyota hizo huleta mvua. Wako wasomi wanaoucheka msemo wote kuwa ni ushirikina wa wazee. Makundi yote mawili hayajawahi kutazama juu. Dunia inapolizunguka jua, kila nyota huchomoza mapema kwa dakika 4 hivi kuliko jana yake. Kwa hiyo Kilimia, kinachoonekana takriban usiku kucha mwezi Novemba, kufikia Aprili kimeshashuka magharibi mara tu baada ya magharibi kuingia, na mwishoni mwa Aprili hupotea kabisa kwenye mwanga wa jua. Hakijaenda popote. Jua limepita mbele yake, na katika wiki za mwanzo za Juni huonekana tena mashariki kabla ya alfajiri. Mvua zenyewe zinaendeshwa na kitu kingine kabisa: ule ukanda wa mawingu unaolifuata jua kwenda kaskazini na kurudi kusini, ukituachia masika kati ya Machi na Mei na vuli kati ya Oktoba na Desemba. Kilimia hakina mkono katika mvua, lakini ni saa. Kinazama masika yakiwa yamepamba moto na kuzuka yakiwa yamekwisha, kwa hiyo nusu moja ya msemo inasimulia mwaka wa kawaida wa pwani. Nusu ya pili, kwamba mwaka ambao Aprili ni kavu Juni italeta mvua, ni dai linaloweza kupimwa. Mwanafunzi wa takwimu au wa kilimo aliyechukua kozi hii angeweza kuomba rekodi za mvua za Mamlaka ya Hali ya Hewa na kulipima. Hapo wazee hawatachekwa wala hawatasujudiwa; watajibiwa.

Saa hiyo nayo husogea. Mhimili wa dunia huyumba polepole kama pia inayoishiwa nguvu, mzunguko mmoja ukichukua miaka kama 26,000, na kwa sababu hiyo nyota huteleza siku moja ya msimu kila baada ya miaka 70 na kitu. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, mkulima wa pale alikiona Kilimia kikipotea siku kama 10 mapema katika msimu kuliko tunavyokiona sisi. Kuyumba huko huko ndiko kunakoziumbua zile safu za nyota magazetini. Mipaka yake iliwekwa miaka elfu mbili iliyopita na haikuhamishwa. Mtu aliyezaliwa Novemba 10 huambiwa ni Nge, ilhali siku hiyo jua lilikuwa mbele ya Mizani. Mbele ya Nge jua hupita wiki moja tu, kisha hukaa zaidi ya wiki mbili katika kundi la Ophiuchus, ambalo gazeti halilijui. Watabiri wana jibu lao: alama zao ni vipande vya njia ya jua vinavyohesabiwa kuanzia ikwinoksi, si nyota zenyewe. Vyema. Basi waache kutuambia kwamba nyota zinasema.

Kuna atakayedai kwamba mtu aliyesoma vizuri hahitaji kozi ya haya, atayajua tu. Mwaka 1987 watengenezaji wa filamu ya A Private Universe waliwauliza watu 23 wa Harvard, wengi wao wakiwa na majoho ya mahafali mwilini, kuhusu sababu ya majira ya joto na baridi au ya mwezi kubadilika umbo, na 21 kati yao walitoa maelezo yenye makosa. Jibu lililopendwa ni kwamba joto huja dunia inapolikaribia jua. Dunia huwa karibu zaidi na jua mwanzoni mwa Januari, kilomita milioni 147, wakati huko Harvard ni majira ya theluji. Mwezi Julai, kwenye joto lao, iko umbali wa milioni 152. Kinachoamua ni mwinamo wa mhimili. Baadhi ya waliohojiwa walikuwa wamepita masomo ya sayansi, na hili linanipinga kwa kiasi: kumbe hata kozi yaweza kumpita mtu bila kumgusa. Ndiyo, ile ya kusikiliza na kunakili. Kwa hiyo usiishie kwenye jina la kozi. Omba muhtasari wake na usome sehemu ya upimaji. Kozi ya astronomia isiyokutoa nje usiku hata mara moja ni kozi ya kukariri majina ya sayari. Historia isiyokuwekea hati ya zamani mezani, au muziki usiokupa ala, iache hata kama jina lake linameremeta.

Mzazi aliyeuza ng'ombe kulipa ada ana haki ya kuuliza haya yatamletea nini. Jibu la kweli ni kwamba pengine hayataleta kazi, na mwajiri hatauliza. Lakini krediti za hiari ziko kwenye programu kwa vyovyote vile, na ada haiongezeki mwanao akisoma anachokipenda badala ya anachokidharau. Ratiba zinazogongana ni pingamizi zito zaidi. Vyuo vyetu vingi hupanga vipindi kana kwamba hakuna mtu wa uhandisi atakayetaka kukanyaga idara ya fasihi, na kozi nyingine hudai masharti ambayo mtu wa nje hana. Hapo nenda kwa mhadhiri mapema, umwombe ukae darasani bila kusajiliwa. Wengi hukubali, maana mwanafunzi aliyekuja bila kulazimishwa ni mgeni adimu. Hutapata alama, na hoja ya GPA itakuwa imekufa yenyewe.

Na anayesema video za intaneti zinatosha, amesema kweli kuhusu maelezo, ambayo humo ni tele na mengine ni bora kuliko ya darasani. Kinachokosekana humo ni mtu wa kuichukua karatasi yako ya vipimo vya Kilimia, akakuambia kwamba usiku wa tatu ulipima nyota nyingine.