Kicheko Bila Andiko: Maonyesho Mchanganyiko ya Kumbi za Pombe

Historia ya tamthiliya ya Kiswahili huandikwa kwa kufuata vitabu. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, ina andiko na kwa hiyo ina wahakiki. Kichekesho kilichochezwa usiku katika ukumbi wa baa hakina andiko, na wahakiki wake ni wachache mno.

Dharau hii si ya Afrika Mashariki pekee. Mwaka 1852, enzi ya Malkia Victoria, Charles Morton alifungua Canterbury Hall mtaani Lambeth, London, kando ya kilabu chake cha pombe. Humo watu walikula na kunywa huku wakitazama waimbaji na wachekeshaji. Mauzo ya pombe ndiyo yaliyowalipa wasanii. Watu wa heshima walikunja uso, wafanyakazi walijaa.

Morogoro nayo ilipata kumbi zake. Reli ya Kati ilifika hapo mwaka 1907, na mashamba ya mkonge yakakusanya vibarua wa makabila mengi chini ya milima ya Uluguru. Waluguru walioteremka na mazao yao sokoni walikutana na watu wasiojua Kiluguru. Starehe ya pamoja, sawa na biashara, ilihitaji Kiswahili. Morogoro Jazz iliundwa mwaka 1944. Salum Abdallah, aliyefariki mwaka 1965, aliijenga Cuban Marimba kwa mahadhi ya Kikuba, lakini mapenzi na mawaidha aliyaimba kwa Kiswahili. Mbaraka Mwinshehe alifuata njia hiyo akiwa na Morogoro Jazz, kisha Super Volcano, hadi alipofariki mwaka 1979.

Dansi hata hivyo ilikuwa sehemu moja tu ya starehe. Tangu kipindi cha kati ya vita kuu mbili, vichekesho vilichezwa mijini, mara nyingi baina ya nyimbo. Vikundi vya sanaa vya taifa vilipovunjwa, na Chuo cha Sanaa Bagamoyo kuanzishwa mwaka 1981, vikundi vya biashara vilijaza kumbi. Muungano ya Norbert Chenga, na baadaye TOT iliyoundwa na CCM mwaka 1992 chini ya John Komba, viliuza kwa kiingilio kimoja ngoma, sarakasi, kwaya, taarabu, dansi na igizo. Mtazamaji aliyekuja kwa taarabu alilazimika kuitazama na sindimba.

Kwa mwanaisimu, kichekesho ndicho chenye utajiri mkubwa zaidi. Wachezaji walikubaliana kisa tu. Maneno yalizaliwa jukwaani, mtazamaji akidakia kutoka mezani kwake. Mzaha usiochekesha jana uliachwa leo. Hapo msamiati wa mtaani, lafudhi za bara na mafumbo vilipimwa mbele ya watu waliokwisha kulipa, mtihani mkali kuliko wa mhariri yeyote.

Nyimbo nyingi za Mbaraka zilirekodiwa, na zingali zikisikika. Mazungumzo ya wachekeshaji, kwa sehemu kubwa, yaliishia ukumbini taa zilipozimwa.