Maji Yakijaa Kwenye Skrini: Hadithi za Mchezo na Somo la Kompyuta Unguja

Kufundisha kompyuta kwa hadithi ya mchezo ni kumpa mtoto kisa chenye mhusika, shida na lengo, kisha kumwachia yeye akisogeze. Kisa husimama mpaka mtoto aandike amri, abofye mahali panapotakiwa au apange hatua kwa mfuatano unaofaa. Akikosea, mhusika hafiki. Ni tofauti na somo lililozoeleka, ambapo mwanafunzi hunakili daftarini majina ya sehemu za kompyuta na kuyajua yote kabla hajaigusa mausi.

Kwa mtoto wa Unguja, hadithi inayodai jibu si jambo geni. Msimuliaji akisema "Paukwa!" na wasikilizaji wasiitikie "Pakawa!", hadithi haianzi. Mmisionari Edward Steere alichapisha London mwaka 1870 mkusanyiko wa ngano alizosimuliwa Zanzibar, na ngano za namna hiyo zingali zikisikika majumbani. Kompyuta imeongeza jambo moja tu juu ya utaratibu huo wa zamani: jibu la msikilizaji linaweza kubadilisha kinachofuata.

Miongoni mwa wa kwanza kulifanyia kazi wazo hili kwa watoto alikuwa Seymour Papert, mwanahisabati aliyezaliwa Pretoria, Afrika Kusini, mwaka 1928. Mwaka 1967, akiwa Marekani pamoja na Wallace Feurzeig na Cynthia Solomon, alishiriki kuunda Logo, lugha ya kompyuta iliyokusudiwa watoto. Mhusika wake mashuhuri ni kobe anayetembea akiacha mstari nyuma yake. Mwalimu wa Mji Mkongwe hana haja ya kumtafutia kobe huyo makazi, kwani kisiwa cha Changuu, mkabala na bandari, kina kobe wakubwa waliotokana na wale walioletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Kisa kinatosha kuwa hiki: kobe wa Changuu ametoka zizini na anataka kuzunguka bustani yenye pembe tatu zilizo sawa.

Hapo ndipo hesabu inapoingia. Mtoto anajua kwamba kila pembe ya pembetatu hiyo ni digrii 60, hivyo anaamuru mbele 100, kulia 60, mara tatu. Kobe anatokomea upande mwingine na umbo halifungi. Papert alishauri kwamba mtoto aliyekwama asimame na kutembea mwenyewe kama kobe. Akifanya hivyo sakafuni, ataona kuwa mwili wake haugeuki kwa pembe ya ndani, bali kwa ile ya nje, yaani digrii 120. Somo la pembe ambalo kitabu hulieleza kwa mchoro limepita miguuni.

Mrithi wa Logo anayetumika zaidi leo ni Scratch, programu iliyotolewa mwaka 2007 na kundi la Mitchel Resnick katika chuo cha MIT. Ndani yake amri haziandikwi. Ni vipande vya rangi vinavyoburuzwa na kuunganishwa, hivyo kosa la herufi moja haliwezi kuiangusha kazi nzima. Mtoto huchagua wahusika na mandhari, akatunga mchezo wake mwenyewe.

Tuchukue mfano wa kilimo cha mwani, kilichoanza kibiashara Paje na Jambiani mwaka 1989 na ambacho hadi leo kimeshikwa zaidi na wanawake. Kisa: mama ameshuka pwani siku za bamvua, maji yamekupwa, naye anatakiwa kujaza kapu na kurudi kabla bahari haijarudi. Mtoto anamwendesha mama kwa vishale vya kibodi. Pembeni anaweka namba inayoitwa "maji", inayopanda kwa moja kila sekunde. Anaunga sharti: ikiwa maji yamefika 30 na mama bado yuko kwenye kamba za mwani, kapu linaelea na mchezo umekwisha. Katika kisa kifupi hiki mna amri inayojirudia, sharti, na namba inayobadilika, ambazo ni nguzo za uandishi wa programu yoyote, hata ile ya benki.

Mara ya kwanza mchezo unakwenda vizuri. Mara ya pili mtoto anabonyeza bendera ya kijani ya kuanzia na mama anapoteza kapu papo hapo, kabla hajapiga hatua. Hakuna kilichoharibika. Namba ya maji imebaki pale pale ilipoachwa, 30, kwa sababu hakuna aliyeiambia kompyuta irudi sifuri. Kosa hili huwapata karibu wanafunzi wote, na watu wazima pia. Mwalimu akilitaja tu ubaoni litasahaulika. Mtoto aliyeona bahari ikianza mchezo ikiwa imejaa atalitafuta mwenyewe mpaka alipate, tena kwa hasira kidogo.

Je, hadithi inaongeza maarifa kweli, au inaongeza furaha tu? Mwaka 2006, katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Caitlin Kelleher alilinganisha wasichana waliotumia programu ya kawaida iitwayo Alice na wenzao waliopewa toleo la kutunga hadithi. Katika misingi ya uandishi wa programu makundi yote mawili yalijifunza kwa kiwango kinachokaribiana. Lakini wa hadithi walitumia muda zaidi kwa asilimia 42 kuandika programu, na asilimia 51 yao waliiba dakika za ziada kuendelea na kazi, dhidi ya asilimia 16 ya wenzao. Kwa hiyo hadithi haimfanyi mtoto awe na akili zaidi. Inamfanya akae kitini, na ustadi wa kompyuta unataka kukaa.

Zanzibar yenyewe ina historia ya kufundisha kwa mchezo na kisa. Kuanzia mwaka 2006 mradi wa RISE ulitumia redio kuwafikia watoto wadogo kwa vipindi vya "Tucheze Tujifunze": wahusika waliuliza, kipindi kikanyamaza kidogo, na watoto wakajibu, wakaimba au wakaruka. Mwaka 2011 ulifuata mradi wa TZ21, uliopeleka kompyuta katika skuli za msingi za Zanzibar na Mtwara. Ng'ambo ya bahari, mkoani Tanga, kati ya 2017 na 2019 watoto takriban 2,700 wa vijiji 170 walipewa vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili yaliyojaa michezo na hadithi, katika shindano la Global Learning XPRIZE. Zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja mwanzoni. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Washindi, Kitkit School na onebillion, waligawana dola milioni 10.

Matokeo ya Tanga yanavutia, ila yasichukuliwe kuwa ruhusa ya kumwondoa mwalimu darasani. Watoto wale walijifunza kusoma na kuhesabu kwa kutumia kifaa, lakini kukiamuru kifaa ni jambo jingine, na hapo mtu wa kuuliza "kwa nini imetokea hivi?" anahitajika sana. Watoto watatu wakikaa mbele ya kompyuta moja, mwenye mausi hucheza na wengine hutazama. Dawa yake ni kugawana kazi: mmoja anasimulia kisa, wa pili anaunga vipande, wa tatu anajaribu mchezo na kutafuta kasoro, kisha wanabadilishana.

Umeme nao una habari yake. Waungwana wa Unguja hawajasahau mwaka 2008, wala miezi ya mwisho wa 2009 hadi mapema 2010, waya wa chini ya bahari ulipoharibika na kisiwa kikakaa gizani kwa wiki nyingi. Hata hivyo somo linawezekana bila mashine. Njia iliyoanzishwa New Zealand na Tim Bell na wenzake hutumia vitu vya kawaida kama kadi, na kadi hizo zinaweza kuwa taa za kisa. Nahodha ana taa tano zenye thamani ya 1, 2, 4, 8 na 16, na kwa kuwasha na kuzima anaweza kupeleka nchi kavu namba yoyote kuanzia 0 hadi 31. Hivyo ndivyo kompyuta inavyohesabu.

Kasoro kubwa ya michezo mingi ya kufundishia ni kisa kilichobandikwa juu juu: mtoto anajibu swali la hesabu, anazawadiwa nyota, na joka linaruka bila uhusiano wowote na swali. Kipimo chake ni chepesi. Ikiwa ustadi ukiondolewa hadithi bado inaendelea, hadithi hiyo ni pambo. Mwalimu anayetaka kuanza hahitaji kununua kitu: Scratch hutolewa bure, ina chaguo la Kiswahili, na ikishawekwa kwenye kompyuta hufanya kazi bila intaneti.