Je, Wajua? Trela ya Mbao Yenye Umbo la Tone

Je, wajua kwamba trela ndogo ya kulalia, yenye umbo la tone la maji, ilipata umaarufu Marekani katika miaka ya 1930, na kwamba wengi walijiundia wenyewe nyumbani? Mwaka 1947 jarida la Mechanix Illustrated lilichapisha ramani yake ili msomaji aingie karakana.

Je, wajua kwa nini nyingi zina upana wa futi 4 na urefu wa futi 8? Ndicho kipimo cha plaiwudi nzima.

Je, wajua udhaifu wa plaiwudi hiyo? Hupinda upande mmoja tu. Ukishaikunja iwe paa, haikubali tena kukunjwa kuelekea ubavuni, ndiyo maana trela nyingi za aina hii zina mgongo wa duara na mbavu bapa. Anayetaka mviringo wa kila upande hutumia papi nyembamba, unene milimita 6 na upana 19 hivi, zinazounganishwa kwa gundi moja baada ya nyingine juu ya kalibu. Ufundi huo umetoka majini: watengeneza mitumbwi wa Peterborough, Ontario, nchini Kanada, walikuwa wakiunda kwa papi za mwerezi tangu karne ya 19.

Je, wajua papi hizo hushikanaje kwenye kona? Ukingo mmoja huchongwa mviringo, wa pili huchongwa mfereji. Papi ya juu hukaa ndani ya ile ya chini na kugeuka nayo bila kuacha ufa.

Je, wajua kwamba msumeno hula sana? Meno yakiwa na unene wa milimita 3, kila papi ya milimita 6 inaacha nusu yake sakafuni. Theluthi nzima ya mbao uliyolipia ni vumbi! Na vumbi la mwerezi mwekundu si la kuchezea: lina asidi ya plikatiki, inayoweza kumsababishia fundi pumu. Barakoa kwanza, urembo baadaye.

Je, wajua kwamba urembo wenyewe ndio mwili wa trela? Mistari myeusi ya mjozi kati ya mwerezi mwekundu na msonobari mweupe haikupakwa rangi wala kubandikwa juu. Ni papi kama nyingine, zimepangwa tu kwa jicho zuri. Kisha ndani na nje hufunikwa kitambaa cha faibaglasi kilicholoweshwa epoksi. Kitambaa ni cheupe, lakini kikishalowa hupotea machoni na mbao hubaki wazi. Tabaka hizo mbili ndizo zinazobeba mzigo. Mbao iliyo katikati huzitenganisha, na hapo ukuta mwembamba unakuwa mgumu ajabu.

Je, wajua adui wa epoksi? Jua. Bila vanishi yenye kinga ya miale, hugeuka njano na kuchakaa.

Je, wajua kwamba jiko huwa nyuma, chini ya mlango unaofunguka kwenda juu, na mpishi husimama nje? Ndani ni kulala tu, maana kimo ni kama mita 1.2. Lakini angalia maji na mitungi ya gesi: asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote inatakiwa kukalia kiungio cha gari. Ukirundika vyombo nyuma ya ekseli, mbele hupungukiwa uzito, na trela huanza kuyumba barabarani.