Kuhamisha barua za wanafunzi wa universite

Pengine wasomaji wengine watashangaa kuona jambo hili katika kurasa zetu. Lakini wengi kati yetu twaandika barua pepe kila siku, tena kwa mambo mazito, bila kuuliza zinatunzwa na nani. Tuchukue mfano unaojulikana, ule wa Arizona State University, kule Marekani.

Universite ikitunza barua za wanafunzi katika mashini zake yenyewe, kazi haiishi: mashini huzeeka, masanduku hujaa, barua za uwongo huingia usiku na mchana. Basi Oktoba 2006 universite ile ilipatana na kampuni ya Google. Wanafunzi wapata 65.000 waliweza kupewa masanduku mapya huko, kila mmoja na nafasi ya giga 2, bila kulipa hata senti.

Kuhama kwenyewe kunafanywa ginsi gani? Adresi ina sehemu mbili: kushoto jina la mwanafunzi, kuume jina la universite, na alama @ katikati. Kwetu, mtu akiacha B.P. yake ya Lubumbashi na kuchukua nyingine Likasi, sherti aandikie rafiki zake wote. Huku sivyo. Katika intaneti kuna kama kitabu kikubwa ambamo imeandikwa: barua za jina hili zipelekwe kwenye mashini fulani. Universite inageuza mustari ule mmoja tu, adresi za wanafunzi zinabaki zilezile.

Lakini mashini nyingine za dunia zimekwisha soma mustari wa zamani, nazo zinaukumbuka kwa muda uliowekwa, saa kadhaa ao siku nzima. Kwa muda huo barua moja yaenda kwa sanduku jipya, ya pili yaenda kwa la zamani. Ndiyo maana wenyi akili hupunguza kwanza muda ule wa kukumbuka, kisha hugeuza mustari, na mashini ya zamani huiacha ikifanya kazi mpaka hakuna barua inayopotea njiani. Barua zilizokwisha pokelewa hazifwati zenyewe. Lazima zinakiliwe moja moja, na kazi hii ndiyo ndefu kuliko zote. Neno la siri ni afazali libaki mkononi mwa universite: mwanafunzi ajitambulishe kwake, nayo imshuhudie kwa kampuni.

Mambo ya mashini ni mepesi kuliko yale ya mapatano. Mwaka 2010 universite ya Yale ilisimamisha kwanza mpango kama huo, kwa kuwa walimu waliuliza barua zitawekwa katika nchi gani, chini ya sheria gani. Waliuliza vizuri, kwa maoni yetu, ingawa baadaye nayo ilihamia. Tena, mpaka Aprili 2014, mashini za Google zilikuwa zikipitia barua za wanafunzi kwa ajili ya kazi ya matangazo, hata pale ambapo matangazo hayakuonyeshwa. Ndipo kampuni ikasema imeacha.

Na ile bure? Baada ya miaka kampuni ilitoa nafasi isiyo na mpaka, na watu wakajaza humo kila kitu. Februari 2021 ikatangaza mwisho wake: toka Julai 2022, universite nzima kupata tera 100, kwa barua, picha na maandiko yote pamoja. Anayetaka zaidi, alipe. Tufanye hesabu: tera 100 ni giga 100.000. Kwa watu 65.000, kila mmoja anapata giga moja na nusu, chini ya zile 2 za mwaka 2006! Universite nyingi zikapunguza nafasi ya kila mwanafunzi, nyingine zikafunga masanduku ya wale waliokwisha toka masomoni. Mtu aliyeweka humo barua za miaka minne, pamoja na zile za wazazi wake na za waliompa kazi, alipewa tarehe ya mwisho.

Kampuni yenyewe inatoa njia ya kunakili sanduku zima katika ordinatere yako. Inafaa mwanafunzi afanye hivyo kabla ya kupokea diploma, maana adresi ile ni ya universite, si yake.