Safari ya Mjumbe Jijini Dar es Salaam

Mjumbe wa chama cha msingi anayetumwa Dar es Salaam hutumia fedha za wanachama tangu apandapo basi mpaka arejeapo. Hivyo hana budi kuulizia habari za jiji kabla ya kuondoka, wala asitegemee sana maelezo ya waliokwenda zamani. Wengi wao watamwambia ashuke Ubungo. Tangu mwaka 2021 kituo kikuu cha mabasi ya mikoani kipo Mbezi Luis, mbali zaidi na mjini, katika Barabara ya Morogoro. Kutoka hapo hadi Kariakoo au Posta ingali safari nyingine. Asiyelijua hilo hukodi teksi kwa haraka, na masurufu ya siku mbili yakaishia njiani.

Daladala huandikwa mbele majina ya mwanzo na mwisho wa safari yake. Yasomwe yote mawili, kisha kondakta atajiwe kituo cha kushuka. Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza mwaka 2016, yana njia yake pekee. Kati ya yale yatokayo Kimara, mengine huenda Kivukoni, mengine Gerezani karibu na Kariakoo, mengine Morocco. Nauli hulipwa kituoni kabla ya kupanda.

Bajaji na bodaboda hufaa mitaa ya ndani, ila bei ipatanwe kwanza. Stakabadhi huko ni nadra. Kwa hiyo tarehe, safari na kiasi viandikwe daftarini papo hapo, maana mkaguzi wa hesabu hapokei mapatano ya mdomo.

Na barua ya mwito isomwe vyema kabla ya yote: Tume ya Maendeleo ya Ushirika ina makao yake makuu Dodoma.