Jua la Kaitaba halifuati saa ya ukutani

Tanzania nzima hutumia saa moja, ila jua halina habari hiyo. Bukoba iko takriban digrii 7 na nusu magharibi ya Dar es Salaam, na jua huchukua dakika 4 kuvuka kila digrii. Ndiyo maana jua la utosi huchelewa Bukoba kwa nusu saa hivi na kufika karibu saa 7 mchana. Mechi inayoanza saa 10:00 jioni Uwanja wa Kaitaba wa huko Bukoba, kwa hesabu ya jua, ni mechi ya saa 9:30 ya Dar. Mpigapicha aliyezoea viwanja vya Pwani hushangaa mbona kipindi cha kwanza kizima wachezaji wanatoka na mashimo meusi mahali pa macho.

Saa 10 hiyo jua liko juu ya upeo kwa digrii 40 na ushei. Paji la uso linang'aa, chini ya nyusi giza. Jicho la binadamu huvumilia tofauti hiyo, kamera haiwezi. Isitoshe, kipimo chake cha mwanga huchukulia kila kilicho mbele yake kuwa cha kijivu cha wastani. Ziwa Victoria likimetameta nyuma ya mchezaji, kamera hupunguza mwanga na uso mweusi unapotea kabisa. Pima mwanga usoni, ziwa likiungua liungue. (Picha za rangi za zamani zilirekebishwa maabara kwa kadi za Kodak zenye picha za wanawake weupe. Uso wetu umeonewa tangu maabara.)

Wengi hufundishwa kulipa jua mgongo. Kwa jua la saa 10 mimi napendelea kinyume chake: likabili. Uso wa mchezaji utakuwa wote kivulini, mwanga umetulia, mabega yamezungukwa na mstari mweupe. Viwanja vya shule wilaya ya jirani ya Muleba, vile vyenye udongo mtupu golini, hurudisha mwanga kutoka chini na kuufungua uso vizuri. Nyasi bandia za Kaitaba hazina ukarimu huo.

Gharama ya kulikabili jua ni fokasi. Kamera nyingi za leo hulinganisha mwanga uliopita upande mmoja wa lenzi na uliopita upande wa pili. Picha hizo mbili zisipolingana, kamera hujua lenzi isogee wapi na kwa kiasi gani. Lakini inahitaji mistari ya kulinganisha, na jua likiingia ndani ya lenzi hufifisha mistari yote. Kinga lenzi, hata kwa kiganja, kisha lenga namba ya jezi au kola, usilenge kifua cheupe kisicho na alama. Acha fokasi iwe ya kufuatilia, ikimkimbiza mchezaji mfululizo.

Kasi, jua hilo hilo linakupa bure. Kwenye jua kali ISO 100 na tundu la f/4 vinaruhusu shata ya 1/1600 ya sekunde. Mpira unaokwenda mita 25 kwa sekunde husogea sentimita moja na nusu tu katika muda huo. Ukilikabili jua, shusha hadi 1/800 kwa ajili ya nyuso.

Kuna ukungu mwingine ambao fokasi husingiziwa. Nyasi bandia hupata joto kuliko za asili, hewa juu yake hucheza na kupindisha mwanga, na picha ya golikipa wa upande wa mbali hutoka imelegea hata kwa lenzi ya bei mbaya. Dawa ni kusogea karibu, au kungoja. Ifikapo saa 11:45 kivuli cha mchezaji kimefika karibu mara tatu ya kimo chake, na macho yanaonekana.

Kwa hiyo ninyi mnaopanga ratiba za michezo ya sekondari ya UMISSETA na bonanza za Muleba: fainali wekeni saa 10:30, kipindi cha pili kiupate mwanga huo. Jua la huko huzama karibu saa 1 jioni, mpira utaisha mwanga ungalipo.